Tazama Mdomo Kabla ya Rangi

Asubuhi ile nilimkuta finchi, kindege changu cha tunduni, amesimama kwa mguu mmoja, nikaona ni jambo la kawaida. Ndege wengi hupumzika hivyo, mguu wa pili wameuficha kwenye manyoya ya tumbo. Nikabadilisha maji, nikajaza ulezi, nikaenda kazini. Niliporudi jioni alikuwa palepale, kwenye tawi lilelile, na chini yake, juu ya marumaru, kulikuwa na matone mawili ya damu iliyokauka. Nilipomshika ndipo nikaona: vidole viwili vya mguu wa kushoto havipo. Havikukatwa na waya. Vilinyofolewa. Nikainua macho kuwatazama cherero wangu wawili, kasuku wadogo wanaokaa chumba kimoja naye, waliokuwa wamebanana kwenye tawi la juu kabisa, wakichambuana manyoya ya shingoni kwa upole mkubwa.

Yule finchi alipona. Ninaye mpaka leo, anatua huku ameegemea kidogo upande wa kulia. Mwenzake hakuwa na bahati hiyo. Nilimkuta sakafuni siku tatu baadaye, kwa sababu hata baada ya kuiona damu ile nilichelewa kuamua. Nilijiambia watazoeana. Neno hilo ndilo lililonikalisha niandike, maana nalisikia kwa karibu kila mtu anayeniuliza jinsi ya kufuga ndege wa aina mbalimbali katika chumba kimoja. Watazoeana. Wape muda tu.

Sikuanza na chumba. Nilianza na tundu dogo kibarazani, ghorofa ya pili, Upanga, ndani yake jozi moja ya finchi: vile vindege vya Australia vyenye mdomo mwekundu na milia ya pundamilia kifuani kwa dume. Anayeishi Dar es Salaam anajua ni nani aliyenihamisha pale. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasaidie kumaliza takataka, wakaongezeka, wakafika bara na kuenea pwani yote. Mayai na makinda ya ndege wengine ni chakula chao. Pale kibarazani walikuja wawili wawili. Mmoja anapiga mbawa upande huu wa tundu, finchi wanakimbilia upande wa pili, na upande wa pili mwenzake anawasubiri, mdomo ameshaupitisha kwenye waya. Siku nilipowakuta kazini hivyo, nililiingiza tundu ndani na halijatoka tena.

Mwaka huohuo kitindamimba wangu alikwenda kusoma Mbeya. Chumba chake kikabaki na kitanda, pazia na kimya. Mama yangu, ambaye naishi naye, hakupenda nilivyokuwa nikipita mlangoni pale bila kuingia. Akaniambia, "Mwanangu, chumba kisichokaliwa na mtu hukaliwa na panya. Watie hao ndege wako humo."

Nikamwita fundi wa kuchomelea. Chumba kina urefu wa mita nne na upana wa mita tatu, nikamwambia nataka theluthi mbili ziwe za ndege. Alishauri tundu refu la kwenda juu, liwe kama kabati, ili nipate nafasi ya kupita. Nilikataa, na hapo sikukosea: ndege haruki kama ndoo inavyopandishwa kisimani, anaruka kwa kwenda mbele, na urefu wa kwenda mbele ndio nafasi yake ya kweli. Tulibishana pia juu ya waya. "Mama, waya wa kuku ni nusu ya bei," alisema. Lakini tundu la waya wa kuku linapitisha kichwa cha finchi, na likimpitisha kichwa linaweza kumnyonga. Tukatumia waya mnene wa matundu ya nusu inchi, ambao hata panya mkubwa hapiti. Kabla ya kuufunga niliusugua wote kwa brashi na siki, nikausuuza, nikauanika juani. Waya mpya uliopakwa zinki huwa na vumbi na vinundu vya madini hayo, na ndege mwenye tabia ya kutafuna waya anaweza kusumika polepole bila mtu kujua kinachomwua. Mlangoni aliniwekea kijichumba cha milango miwili, ili wa ndani usifunguliwe mpaka wa nje umefungwa.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa kwa wapangaji.

Nilikwenda Kariakoo nikiwa na picha kichwani: kijani, njano, bluu, wekundu wa midomo, wote wakiruka pamoja kama kanga zilizoanikwa kwenye upepo. Nikachagua kwa rangi. Nilinunua baji sita, wale kasuku wadogo wa Australia wa bluu na wa kijani, na jozi ya ndege wanene kidogo wenye kichwa cha rangi ya chungwa. Nikamuuliza muuzaji kama wanaweza kukaa na baji na finchi. "Dada, hao wote ni lavubedi, tofauti ni rangi tu. Watazoeana." Nilimwamini kwa sababu jibu lake lilifanana na nilichotaka kusikia.

Jina hilo limewaponza ndege wengi. Mitaani lavubedi ni baji, lavubedi ni cherero, lavubedi ni ndege yeyote mdogo wa rangi mwenye mdomo uliopinda. Lakini baji na cherero hawakutoka hata bara moja. Cherero ni wa kwetu Afrika. Yule mwenye kichwa cha rangi ya chungwa anaitwa cherero wa Fischer, kwa jina la Gustav Fischer, daktari na mpelelezi Mjerumani wa karne ya 19, na makwao ni kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Viktoria mpaka Serengeti. Ndugu yake mwenye kichwa cheusi na kola ya njano ni wa nyika za katikati ya nchi, Tarangire na kuelekea Dodoma. Naivasha, Kenya, waliotoroka au kuachiwa kutoka kwa wafugaji wamekuwa makundi ya porini, na aina hizo mbili zimeoleana.

Huko nyikani cherero hukaa na cherero wenzake. Huzaa kwenye mashimo ya miti na kwenye viota vya zamani vya ndege wengine, hasa wa jamii ya mnana. Shimo zuri ni adimu, na anayelipata hulilinda kwa mdomo. Dume na jike hushikamana kweli, na sifa hiyo iliyowapa jina la ndege wa mapenzi ndiyo hiyohiyo inayowafanya wakali kwa asiye wao. Nyikani haina madhara makubwa: anayefukuzwa huruka mpaka mti mwingine na habari ikaishia hapo. Chumbani kwangu hakukuwa na mti mwingine. Mita tatu mbele kulikuwa na ukuta, na aliyefukuzwa alirudi palepale alipofukuzwa, mara kumi kwa siku, mpaka alipochoka.

Kuna hoja nyingine niliyopewa, na ina ukweli ndani yake. Finchi hawa na baji wote wametoka kwenye nyanda kame za Australia, na huko hukutana kwenye maji yaleyale. Kama Mungu amewakutanisha, kwa nini mimi niwatenge? Jibu nimelipata kwa kukaa na stuli yangu mle ndani jioni nyingi: wanakutana kwenye maji, kisha wanaachana. Kisimani hata majirani wasiosemezana huchota. Hakuna anayewafungia kisimani usiku.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza nani akae na nani, simuulizi ana ndege wa rangi gani. Namwambia atazame mdomo. Mdomo ulionyooka na kuchongoka, kama wa finchi, wa kanari au wa chiriku wetu, umeumbwa kumenya mbegu ndogo. Ugomvi wa midomo hiyo ni wa kelele na kufukuzana, mara chache hufika kwenye damu. Mdomo uliopinda umeumbwa kubana, kutafuna mti na kushikia wakati wa kupanda. Mguu wa finchi ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na ndege mwenyewe ana uzito wa gramu kumi na kidogo. Kwa cherero mwenye gramu hamsini, kubana mara moja kwa hasira kunatosha. Hahitaji kuwa mkatili. Anahitaji kuwa cherero tu.

Baji ni mpole kuliko cherero, na wapo wanaowafuga na finchi pamoja wakaishi salama. Mimi mwenyewe, baada ya kuwatoa cherero na kuongeza finchi wengine, niliwaacha baji na finchi kwa miezi kadhaa na mambo yalikuwa shwari. Kisha nikatundika vikapu vya kutagia vya finchi. Baji jike mmoja, yule wa bluu, alikuwa amefikia wakati wa kuzaa. Akaingia kwenye kikapu kisichomwenea, akayatoa mayai moja moja, akakaa yeye. Finchi walilia siku nzima. Tangu hapo kwangu mdomo uliopinda haulali na mdomo ulionyooka.

Fundi akarudi kugawa tundu. Safari hii nilimwomba jambo lililomshangaza: ukuta wa kati uwe na waya mara mbili, na kati ya waya na waya kuwe na nafasi ya vidole vinne. Sababu ni kwamba ndege hujishikiza kwenye waya, na aliye upande wa pili huviona vidole vinavyochungulia. Nisingeweza kuvipoteza vidole vingine kwa njia hiyo. Sasa sehemu kubwa, ile inayopata jua la asubuhi dirishani, ni ya finchi na kanari juu na kware chini. Sehemu ndogo ni ya baji na jozi ya kokateli, kasuku wenye kishungi kichwani. Cherero wana tundu lao refu ukumbini, karibu na kiti cha mama. Wamenawiri kuliko wote, kwa kuwa hawana wa kumlindia kitu.

Wengi wanaopenda kuchanganya ndege husahau sakafu. Chumba kina ghorofa zake. Kanari anataka juu. Finchi wanataka katikati, kwenye vichaka vya matawi. Nimewafungia matawi ya mpera ya unene tofauti ili miguu yao isishike umbo moja siku zote. Chini hakuna anayepataka, isipokuwa kware. Nilichukua kware majike wanne na dume mmoja, na wamekuwa wapangaji wangu bora: wanaokota mbegu zinazomwagwa na wa juu, wanachakura maranda, wanatutagia mayai. Dume ni mmoja kwa makusudi, maana madume wawili hupigana mpaka kutoana macho. Lakini kware ana tabia ambayo ni lazima uijue kabla hujamleta ndani. Akishtuka haruki kwenda mbele. Hufyatuka wima kama kizibo cha chupa, na akikuta dari ngumu anaweza kupasuka kichwa. Juu yao nimetandika wavu laini wa nailoni chini ya ule wa chuma. Jambo la pili ni kinyesi: kila anayekaa juu humnyia anayekaa chini. Maji na chakula cha kware vimefunikwa kwa kijibanda, na hakuna tawi linalopita juu yake.

Vibakuli vya chakula nimeviweka vingi kuliko inavyohitajika, kila kimoja mbali na mwenzake, na viwili havionani kabisa. Ndege mbabe anaweza kulinda bakuli moja. Hawezi kulinda manne. Kuhusu chakula chenyewe sina mengi: uwele, ulezi, mchicha uliooshwa vizuri, tango, yai la kuchemsha kwa wanaolea, na mfupa wa dome ninaouokota ufukweni, nikauloweka siku kadhaa kwenye maji baridi mpaka chumvi itoke. Parachichi haliingii chumbani mle hata kipande, maana ni sumu kwao. Na finchi wakishatosha idadi ninaondoa vikapu vyote, kwa sababu hawa hawangoji msimu. Wakiona nyasi na kikapu wanataga, na baada ya wiki mbili una makinda. Chumba kilichokuwa na amani kwa ndege kumi kinakuwa na vita kwa ndege ishirini, hata kama wote ni ndugu.

Kila ndege mpya anakaa kwanza siku arobaini na tano bafuni kwa wageni, na mimi ninamhudumia mwisho, baada ya wote, kisha nanawa na kubadili nguo. Mama aliona ni mateso. "Umemleta mgeni ukamfungia chooni?" Nilimweleza kuwa aina moja inaweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili, na aina nyingine ikafa nao kwa siku chache. Mdondo tunaujua sote kwa kuku. Kuna pia homa ya kasuku, ambayo hata binadamu huipata kwa kuvuta vumbi la kinyesi, na mtu akadhani ana nimonia ya kawaida. Mama hakuridhika mpaka nilipoleta baji mmoja wa njano, mchangamfu kabisa sokoni. Siku ya sita alivimba manyoya akawa kama mpira. Siku ya tisa akafa. Wa chumbani hakuugua hata mmoja. Tangu hapo mama ndiye anayezihesabu zile siku arobaini na tano, na ananikumbusha nikitaka kuzikata.

Hewa ndiyo iliyonipa kazi kubwa kuliko waya na chakula. Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, na hewa hupita mle kwa mkondo usiorudi nyuma, hivyo huchuja oksijeni vizuri kuliko sisi, na huchukua sumu vizuri kuliko sisi. Kikaango kisichogandisha kikiachwa motoni mpaka kikapita kiasi hutoa mvuke ambao binadamu anaweza asiusikie na ndege wakafa ndani ya dakika. Nimevitoa vyote, napikia sufuria za kawaida. Dawa ya mbu ya kupuliza haitumiki nyumbani, wala ile ya kuzunguka ya kuchoma. Tuna vyandarua na nyavu za madirisha. Lililobaki ni ubani.

Mama yangu huchoma ubani kila Alhamisi jioni tangu sijazaliwa. Nilizunguka na jambo hilo wiki tatu sijui nilianzie wapi. Mwishowe nikamwambia, "Mama, nisamehe, moshi ule unawaumiza wale viumbe." Alinyamaza. Alhamisi iliyofuata nikasikia mlango, nikachungulia, nikamwona anashuka ngazi taratibu, chetezo mkono mmoja, mkono mwingine ukutani. Anachoma chini, uwanjani, chini ya mwarobaini, na majirani wamezoea kwenda kukaa naye. Nimemwomba asishuke peke yake. Sijawahi kumshukuru ipasavyo kwa jambo hilo, nami namshukuru hapa.

Kokateli walikuwa wa mwisho kuja, na tatizo lao lilikuwa giza. Ni wapole mno. Baji mwenye theluthi ya uzito wao anawafukuza kwenye bakuli nao wanaondoka. Kwa hiyo wana kona yao yenye tawi nene ambalo baji hawalipendi. Lakini usiku umeme ukikatika ghafla, au jenereta la jengo la jirani likinguruma, huingiwa na hofu, wakarukaruka gizani wakijigonga kwenye waya, na hofu yao huwaamsha wote. Usiku mmoja niliwasha taa nikakuta manyoya yametapakaa kama mto uliopasuka, na kokateli jike akivuja damu ubawani. Sasa kuna taa ndogo ya chaji inayowaka usiku kucha, mwanga wa kutosha ndege kuona tawi lake lilipo. Pia wana unga mweupe kwenye manyoya yao, unaopeperuka na kukaa kwenye mapafu ya wengine, hivyo kitambaa kibichi na dirisha wazi ni kazi ya kila siku, si ya Jumapili.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani alibisha hodi akiwa amekumbatia tetere. "Shikamoo, mama. Kunguru walikuwa wanamdonoa. Muweke na wale wako." Ubawa ulikuwa umening'inia. Macho ya mtoto yalikwishaingia chumbani kabla yangu, yanamtafutia mgonjwa wake nafasi kati ya kware na kanari. Nilimwambia hapana, na uso ukamwanguka. Tukakaa naye ngazini nikamweleza: tetere na njiwa wanaweza kuwa na vidonda vya kooni vinavyoambukizwa kwenye maji, na baji wangu wakinywa naye bakuli moja tunaweza kuwazika. Na tetere ni wa porini. Ndege wa porini wa nchi hii wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hatumchukui tukamfanya wetu, si kwa ulimbo wala kwa huruma. Huyu tungemtibu tu.

Nilimpigia daktari wa mifugo, akaja akaufunga ubawa. Tetere alikaa bafuni, kwenye boksi lenye kitambaa, na mtoto alikuja kila siku baada ya shule, anamtazama kupitia upenyo wa mlango kama nilivyomwagiza, hamshiki. Wiki ya tatu akaanza kuruka kutoka ukingo wa beseni mpaka dirishani. Tukampandisha juu ya paa alfajiri, kabla kunguru hawajaamka vizuri. Mtoto akafungua boksi. Tetere alikaa ukingoni muda mrefu, anageuza kichwa huku na huku, kisha akaruka moja kwa moja mpaka kwenye mwarobaini wa mama, akaingia kwenye majani, hatukumwona tena.